Nibaki bonde au niende chuo? Jibu kwa dada wa Iringa anayetaka kuwa mhadhiri wa maji

Swali limetoka kwa dada mmoja yuko Iringa. Kwa kifupi anasema ana digrii ya uhandisi wa rasilimali za maji, GPA 4.1, anafanya kazi za haidrolojia (kupima na kuchambua maji ya mito) kwa mkataba kwenye bodi ya maji ya bonde, na sasa chuo kimoja cha umma kimemuita usaili wa TA, yaani mkufunzi msaidizi. Hela anaona zinakaribiana, ila bonde kuna safari na posho. Juzi tena kaona tangazo la chuo cha Marekani wanatafuta mhadhiri wa "haidrolojia na uendelevu wa maji", akajiuliza kama mtu wa huku anaweza kufika kule. Kamalizia hivi: "Shikamoo Dokta, nibaki, niende chuo, au nitafute PhD nje moja kwa moja? Na hiyo kazi ya uhadhiri ukiwa ndani ikoje hasa? Nina mtoto wa mwaka na nusu."

Marahaba mdogo wangu, na hongera ya mtoto. Nitajibu kwa urefu maana swali hili naulizwa sana na huwa naishia kujibu juu juu kwenye simu nikiwa kwenye foleni.

Umeniuliza chuo gani, nchi gani, ngazi gani. Mimi nakuuliza mto gani? Kwenye fani yetu hii watu waliofika mbali, ukiwachunguza vizuri, wengi walishika sehemu moja wakang'ang'ana nayo, bonde moja au ziwa moja au kisima kimoja, wakaijua data yake kuliko mtu yeyote, halafu vyeo na pepa na mialiko ikafuata yenyewe. Chuo utahama, nchi utahama, ila ukishajulikana kwamba huyu ndo mtu wa Ruaha, hiyo hakuna wa kukunyang'anya. Na wewe umekaa Iringa, kwenye ofisi yenye mafaili ya bonde la Rufiji, ambamo Ruaha umo, unaniuliza uanzie wapi!

Nikupe mfano wa zamani. Kuna Mwingereza anaitwa Harold Edwin Hurst, alifika Misri 1906 akaishia kufanya kazi ya mto Nile karibu maisha yake yote, mpaka wakambandika jina la Abu Nil. Alikuwa mtu wa serikali tu, ofisi ya maji kama yako, na swali lake lilikuwa la ofisini: bwawa liwe kubwa kiasi gani ili miaka mibaya ikija watu wasife njaa. Sasa yeye akazama kwenye rekodi za kina cha Nile pale Roda, Cairo, ambazo zinarudi nyuma zaidi ya miaka 1,000, akaona kitu ambacho hesabu za wakati ule hazikutegemea, kwamba miaka ya ukame haiji mmoja mmoja kama bahati nasibu, inakuja kwa makundi, na miaka ya neema nayo hivyo hivyo. Pepa yake kubwa ilitoka 1951, ameshakuwa mzee. Leo namba ya Hurst, inayopima huko kuja kwa makundi, inatumiwa mpaka na watu wa soko la hisa ambao Nile wanaiona kwenye ramani tu.

Utasema huyo ni wa kale na alikuwa mkoloni mwenye muda. Haya, njoo Dodoma. Pale Makutapora, kwenye visima vinavyolisha mji, watu wa wizara ya maji wamekuwa wakipima kina cha maji ya ardhini tangu miaka ya 1950. Mkoloni kaondoka, uhuru umekuja, wizara imebadilishwa jina sijui mara ngapi, na fundi anaenda anashusha tepu kwenye kisima anaandika namba. Mwaka 2013 timu ya watafiti wa Uingereza na Tanzania, wa wizara ya maji wakiwemo, wakachapisha rekodi ya miaka 55 ya pale kwenye jarida la Nature Climate Change. Walichoonyesha ni kwamba maji ya ardhini ya Makutapora hayajazwi na mvua za kawaida za kila mwaka, yanajazwa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, kama ile ya El Niño ya 1997/98, halafu katikati hapo miaka inapita kina kinashuka tu taratibu. Maana yake mtu akipima miaka mitatu ya mradi wa wafadhili anaweza akaondoka na jibu la uongo kabisa, ama visima vinakauka ama viko salama, inategemea amefika mwaka gani. Ile pepa inasomwa dunia nzima na msingi wake ni daftari la fundi. Kila ukiona ofisini kwenu madaftari yamerundikwa chini ya kabati yanaliwa na mchwa ujue zile ni PhD zinaliwa.

Sasa mto wa kwenu. Ruaha Mkuu ulianza kukauka kabisa kipindi cha kiangazi, kule ndani ya Hifadhi ya Ruaha, mwaka 1993. Miaka hiyo hiyo Mtera, bwawa la umeme lililo chini zaidi kwenye mto huo, ikawa inapungua na nchi inaingia gizani kwa mgao wa umeme, basi ikawa rahisi kusema wakulima wa mpunga na wafugaji wa Usangu, bonde la juu ya mto, ndo wamemaliza maji ya bwawa. Kila mkutano ndo hivyo. Ila watu waliokaa chini na data wakaona hesabu haikubali: maji mengi yanayoingia Mtera yanaingia masika, wakati kiangazi, hata kabla ya 1993, mto ulikuwa unaleta kidogo tu. Kwa hiyo umwagiliaji wa kiangazi unaweza kuukausha mto hifadhini, hilo kweli kabisa, ila bwawa lenye ukubwa wa Mtera kupungua vile huwezi kulieleza bila kuangalia pia namna maji yalivyokuwa yanaachiwa kati ya Mtera na bwawa la umeme la Kidatu lililo chini yake. Ni matatizo mawili tofauti, watu waliyafunga kwenye kamba moja. Kosa la namna hiyo ni la kitaalamu, ila wanaoumia ni watu wa kawaida. Ilipofika 2006 na 2007 wafugaji wakahamishwa Usangu na mifugo yao, na hoja ya maji ilikuwa mezani.

Kuna namba moja ya pale ambayo huwa nawapa wanafunzi wakae nayo. Watafiti wa SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine) na IWMI, taasisi ya kimataifa ya usimamizi wa maji, walipiga hesabu ya Ihefu, ardhioevu iliyoko Usangu, wakapata kwamba ili itoke nusu mita ya ujazo kwa sekunde kwenda hifadhini kiangazi, inabidi ziingie kama mita za ujazo 7 kwa sekunde upande wa juu. Saba ziingie, nusu itoke. Zilizobaki zinapanda hewani kwenye majani na maji yaliyosambaa. Ukimwambia mkulima wa Mbarali afunge banio lake, lango la mfereji wa shamba, ili tembo wanywe, hujamwambia habari ya hiyo sita na nusu. Ukimwambia mhifadhi naye kwamba akifunga mabanio yote mto utajaa, umemdanganya. Mtu anayeijua hiyo namba na anajua ilipatikanaje ndo anayetakiwa aitwe mtaalamu wa uendelevu wa maji, hilo neno la kwenye tangazo lako, na hiyo ndo kazi ya uhadhiri ikiwa inafanyika sawasawa.

Ila nisikupambie. Siku ya kawaida haiko hivyo.

Siku ya kawaida una darasa la haidrolojia lenye watoto wengi kuliko viti, projekta inazima, unafundisha yunit haidrografu (mchoro wa mto unavyopanda na kushuka baada ya mvua) kwa watu ambao wengi hawajawahi kuona geji ya mto, kile kibao cha kusomea kina. Una mitihani ya kusahihisha, una sapu, una wanafunzi wa fildi kuwakagua kuanzia Julai waliotawanyika kutoka Bukoba mpaka Mtwara, una kamati, una mtu wa mwaka wa nne anayekuletea ripoti usiku inatakiwa kesho. Ukiwa TA ndo usiseme, wewe ndo wa tutorio, wa maabara, wa kusimamia mitihani, wa kubeba karentimita, kile kifaa cha kupima kasi ya maji. Utafiti unafanya jioni, Jumamosi na likizo. Watu wengi wanaingia chuo wakidhani watalipwa kufikiri, wanakuta wanalipwa kufundisha na kufikiri ni juu yao wenyewe. Mimi napenda kufundisha kwa hiyo sijali sana, ila kama wewe kusimama mbele ya watu kunakuchosha roho, bora ujue mapema.

Ngazi zenyewe unazijua: mkufunzi msaidizi, ndo huyo TA, halafu mhadhiri msaidizi ukishapata digrii ya pili, mhadhiri ukishapata PhD, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Matangazo ya vyuo vya umma miaka hii yamekuwa yakitaka GPA 3.8 digrii ya kwanza na 4.0 ya masta, kwa hiyo hiyo 4.1 yako inakubeba sasa, ila ukienda masta ukazembea ukatoka na 3.7 mlango unaweza ukafungwa, hata uwe unaujua mto kama kiganja cha mkono. Nimeona vijana wazuri sana wa fildi wamekwama hapo. Kutoka mhadhiri kwenda mwandamizi ni pepa, na pepa ni muda: unaandika, unatuma, miezi inapita, mhakiki wa pili anakuambia data yako fupi, unarudi mwanzo. Ndo maana nimekuanzishia na data.

Na ukifika hapo kwenye pepa utatumiwa imeili nyingi za majarida yanayosifia kazi yako "yenye thamani kubwa" na kutaka dola mia kadhaa wachapishe ndani ya wiki moja. Zifute. Kamati za kupandisha vyeo siku hizi zinayajua majina. Sisi wa ukanda huu tumekuwa tukichapisha sana Physics and Chemistry of the Earth kupitia mikutano ya WaterNet, mtandao wa vyuo vya maji vya kusini na mashariki mwa Afrika, kuna Water SA, kuna Hydrological Sciences Journal, na majarida ya vyuo vyetu hapa hapa nayo yapo. Mengi ya nje yana utaratibu wa kupunguza au kufuta ada kwa waandishi wa nchi zetu, uliza kabla hujatuma.

Kuhusu masta na PhD. Kwanza usiruke. PhD nje moja kwa moja kutoka digrii ya kwanza Marekani inawezekana, wenzetu wengine wanafanya, ila kwa ulaya na hapa nyumbani kwa kawaida masta inatakiwa, na masta nzuri ni mahali pa kupata supavaiza atakayekuandikia barua miaka kumi ijayo. Kuna ile ya usimamizi shirikishi wa rasilimali za maji ya WaterNet, inaanzia UDSM au Chuo Kikuu cha Zimbabwe, unakaa darasani na watu wa kusini mwa Afrika yote, na hao ndo watakuwa wakurugenzi wa maji wa nchi zao baadae, usidharau hilo. Kuna PAUWES kule Tlemcen, Algeria, ya Umoja wa Afrika, wanatoa ufadhili. Kuna IHE Delft ya Uholanzi ambayo ipo tangu 1957 na nusu ya maafisa maji wakubwa wa Afrika utadhani wamesoma pale. Ubelgiji kuna ufadhili wa VLIR-UOS, Ujerumani wa DAAD. Na kama maji unayoyapenda ni ya ubora, tuseme floraidi, basi chuo cha Nelson Mandela Arusha kiko kwenye tatizo lenyewe, pale jirani kuna sehemu inaitwa Maji ya Chai na watoto wana meno ya kahawia, zamani viwango vya Tanzania viliruhusu miligramu 4 za floraidi kwa lita, siku hizi ni 1.5 kama WHO, kwa hiyo visima vilivyokuwa "salama" vingi vimekuwa si salama bila maji yenyewe kubadilika hata tone. Hapo pana kazi ya vizazi viwili.

Kwa PhD mimi napendelea ile ya kwenda na kurudi, unakuwa umesajiliwa nje au una wasimamizi wa pande mbili, miezi kadhaa kule unachambua, miezi mingine huku unapima. UDSM walisomesha wengi hivyo kwa hela za Sweden miaka mingi. Mtoto wako hatakusahau sura, na data yako inabaki hai. Vyuo vya umma pia vimekuwa na mradi wa HEET, ule wa dola milioni 425 za Benki ya Dunia ulioanza 2021, na sehemu ya hela hizo ilikuwa ya kusomesha wafanyakazi wa chuo. Hiyo ndo faida kubwa ya kuwa TA ambayo watu hawaihesabu wanapolinganisha mshahara: ukiwa ndani ya chuo, kusoma ndo kazi yako, ruhusa ya masomo haiombwi kwa magoti.

Sasa niseme jambo ambalo litaniletea maneno. Usifanye tasnifu ya "athari za mabadiliko ya tabianchi kwenye mtiririko wa mto fulani kwa kutumia SWAT", ile modeli ya kompyuta ya maji ya bonde. Nimesoma nyingi mno. Mtu anashusha ramani ya mwinuko, anashusha CHIRPS, data ya mvua ya setilaiti, ambayo ni nzuri tu, ipo tangu 1981 na vipande vyake ni kama kilomita 5, anapata mtiririko wa miaka kumi kutoka bonde, anazungusha modeli mpaka Nash, kipimo cha modeli inavyolingana na vipimo vya mto, ifike 0.7, anatoa grafu ya 2050, anapewa digrii. Mto hajauona. Hajui geji ya kituo chake ilisombwa mwaka gani ikarudishwa juu au chini ya pale ilipokuwa. Nash 0.7 juu ya data mbovu ni modeli iliyojifunza makosa kwa ufasaha.

Nikuonyeshe ninachomaanisha, na hili wewe utalielewa haraka kuliko wanafunzi wangu. Chukua daftari la msoma geji. Kila siku saa tatu asubuhi na saa kumi jioni anatakiwa asome kibao pale mtoni aandike. Kwenye daftari moja nililolishika kina kinaenda 0.84, 0.84, 0.84, asubuhi na jioni, wiki tatu, mwezi wa tatu, wino ule ule, mwandiko haujatikisika, wakati kituo cha mvua cha jirani kimeandika siku mbili za zaidi ya milimita 40. Mto gani huo? Jamaa alikaa nyumbani akajaza siku ya mwisho. Ila kabla hujamtukana uliza posho yake mara ya mwisho kaipata lini, na nyumba yake iko umbali gani na mto, na kama palikuwa na mamba. Ukifungua faili la eksel ofisini ile 0.84 imekaa kwa adabu kabisa, haina alama yoyote. Mtu wa Delft hawezi kuiona. Wewe unaweza, kwa sababu una daftari, una msoma geji kwenye simu, na unajua kituo cha juu yake kinaitwaje.

Halafu reting kevu. Tunapima kina kila siku lakini tunachotaka ni mtiririko, na kinachounganisha hivyo viwili ni ule mchoro uliotengenezwa na watu walioingia mtoni na karentimita, wakapima kasi kwenye 0.6 ya kina, pande kwa pande, maji madogo na maji makubwa. Shida yetu ni kwamba maji makubwa hakuna aliyeyapima, nani aingie, barabara imekatika, gari haina mafuta, kwa hiyo sehemu ya juu ya mchoro imevutwa kwa rula. Mafuriko yote unayoyasoma kwenye ripoti za madaraja na mabwawa yako kwenye hiyo sehemu ya rula. Na mto wa mchanga ukishapitiwa na mafuriko sakafu yake inahama, mchoro wa zamani umekufa, ila unaendelea kutumika. Mtu akichukua vituo vitano tu vya Rufiji akavipima upya, akatengeneza michoro mipya na kusema makosa yake ni kiasi gani, akaonyesha hilo linabadilisha nini kwa mgao wa maji wa Usangu au kwa maji yanayoshuka kwenye bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115, hiyo ni PhD safi kabisa na ni kazi ya miaka ishirini baada ya PhD. Haina jina la kuvutia. Ndo maana iko wazi.

Haya, tangazo la Marekani. Nimelisoma, ni la kawaida kwa kule, na jibu ni ndiyo, mtu wa huku anaweza, wapo. Ila ujue unachoombwa. Pale wanataka PhD na mara nyingi miaka kadhaa ya postidoki (utafiti wa mkataba baada ya PhD) juu yake, pepa zenye jina lako mbele, na maelezo ya kurasa chache ya utafiti utakaofanya miaka mitano ijayo na nani atakulipia. Wakikuchukua wanakupa hela ya kuanzishia maabara, unafundisha kozi chache kuliko sisi, mshahara wenyewe mara nyingi ni wa miezi tisa na wa kiangazi unautafuta kwenye ruzuku, halafu kwenye mwaka wa sita hivi wanakukalisha kikaango: ama unapewa ajira ya kudumu, ama unafungasha. Hakuna "nitapanda taratibu" pale.

Na hilo neno uendelevu kwenye cheo lina maana yake. Wanatafuta mtu anayeweza kukaa na mwanasheria, mchumi na mkulima kwenye meza moja. Kule magharibi mwa Marekani wana kidonda chao, mto Colorado. Mwaka 1922 majimbo yaliugawana kwa mkataba, futi-eka milioni 7.5 juu na milioni 7.5 chini, jumla ni kama kilomita za ujazo 18 na ushee kwa mwaka, na rekodi waliyoitegemea ilikuwa ya miaka michache iliyotokea kuwa na maji mengi. Baadae watu wakasoma pete za miti ya zamani wakakuta mto kwa kawaida hauna maji hayo, na mkataba ndo umeshasainiwa, miji imeshajengwa, wanagombana mpaka leo. Sasa wewe ukiingia kwenye usaili kama huo ukawaeleza Makutapora na Ruaha, hawatakuona mtu wa "data ya Afrika", watakuona mtu anayejua ugonjwa wao. Ila lazima ujue kuusema hivyo. Wengi wetu tunapeleka "kesi ya bonde la fulani, Tanzania" na tunaishia hapo, mhakiki anauliza mimi wa Arizona inanihusu nini, na swali lake ni halali.

Ushauri wangu: usiweke Marekani kama lengo. Weka mto, na Marekani iwe sehemu mojawapo ya kuusomea au kuusemea.

Hela. TA hutatajirika, na safari za bonde utazikumbuka. Mbele kuna konsaltansi: ripoti za haidrolojia za mabwawa, tathmini za mazingira, kutafuta sehemu za kuchimba visima, chuo kinakata chake unabaki na chako. Fanya, una mtoto. Jisajili na Bodi ya Wahandisi mapema maana bila muhuri huo unafanya kazi mwenzio anasaini. Ila konsaltansi imemeza PhD za watu wenye akili kuliko mimi, kwa sababu ripoti inalipwa mwezi ujao na pepa inalipwa baada ya miaka minne, na ada ya shule inadaiwa Januari. Mimi nawaambia vijana wachukue zile tu zilizo ndani ya bonde lao, ili kila ripoti iache kipimo kinachoingia kwenye utafiti. Ukienda kufanya kazi ya kisima Mpwapwa na kesho daraja Kigoma utakuwa na gari zuri na huna mada.

Mtoto. Wa mwaka na nusu hazuii masta ya hapa hapa nchini, anazuia fildi za wiki mbili mbili, na hapo inabidi uwe na mtu, mama au dada wa nyumbani unayemwamini, na mwenzako akubali mapema kwamba masika ndo msimu wako wa kazi. Fani yetu ina wanawake wachache kwenye fildi na utakutana na madereva wanaomuuliza mwanafunzi wako wa kiume ratiba ikoje wakati bosi ni wewe. Wajibu wewe, kwa sauti ya kawaida. Wanazoea.

Kwa hiyo jibu langu: nenda chuo, chukua TA, ila usiondoke Iringa mikono mitupu. Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, andika barua nyingine kwa Afisa Maji wa Bonde ukiomba rasmi kutumia data kwa masomo, taja vituo kwa majina, taja miaka, omba na ruhusa ya kupiga picha madaftari yenyewe, sio eksel peke yake. Wakikubali igongwe muhuri ungali ndani, maana ukiwa nje utaambiwa ujaze fomu na ulipie. Chukua namba za wasoma geji wote, na waage vizuri, wanunulie vocha.

Kwenye usaili mara nyingi watakuambia ufundishe kitu mbele ya jopo kwa dakika chache. Wenzako watakuja na slaidi za mzunguko wa maji, wingu, mshale, bahari. Wewe nenda na kurasa mbili za daftari, moja nzima na moja ya 0.84, uwape jopo wazishike, uwaulize ipi ya uongo na wamejuaje. Ukiulizwa swali usilolijua sema utaangalia, usibahatishe, kuna mzee mmoja kwenye kila jopo anayesubiri hilo tu. Na uvae viatu vinavyotembea, maabara ya haidroliki huwa iko chini kabisa na sakafu yake imelowa.